Wigi ya kupimwa kichwa Kariakoo, kwa sisi tuliokatika nywele: nimelipa 380,000 na haya ndo maoni yangu

Naanza na bei maana najua ndo mnayoitafuta. Laki tatu na elfu themanini kwa wigi moja ya kupimwa na kushonwa, nywele za binadamu, urefu inchi 12 yani inagota juu ya bega, ndani ina kofia ya pamba, haina gundi, haina vichanuo, haina vibanio vya kung'ata. Fundi yuko Kariakoo ghorofani, ukishuka mwendokasi Msimbazi unakata ndani kuelekea Mtaa wa Congo, unapanda ngazi za jengo ambalo chini wanauza madera na mashuka, na usiende Jumamosi utakanyagwa. Jina la duka siliandiki kwasababu nina ya kumsifia na nina ya kumsema, na hayo ya kumsema sitaki yageuke kesi. Ukimaliza kusoma utakua unajua cha kumdai fundi yeyote wa wigi popote ulipo, na hiyo naona ina faida zaidi kuliko jina.

Afu tuelewane, haya maoni si kwa wanaovaa wigi za urembo, leo nyekundu kesho bluu, hao wana maduka yao na wanajua kuliko mimi. Mi naongea na yule ambaye kabla hajavua mtandio anaangalia kwanza kama mlango umefungwa.

Mimi nina matatizo mawili kwenye kichwa kimoja. Mbele nywele zimerudi nyuma upana wa vidole viwili kila upande juu ya masikio, hiyo ni kuvutwa, rasta za kubana na twende kilioni miaka na miaka, ile ya kusukwa mpaka macho yanakaa kichina na msusi anakwambia meza panadoli kesho zitalegea. Utosini ni habari nyingine kabisa. Palianza padogo, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, pakawa panawasha, ukigusa panauma kama pana kidonda ila hukioni, baadae pakaanza kung'aa. Daktari wa ngozi akakata kipande cha milimita 4 kikapelekwa maabara, jibu likarudi na herufi nne, CCCA. Ni ugonjwa wa makovu, unaanzia utosini na kutanuka kwenda pembeni, vishina vya nywele vinakufa na mahali pake panabaki kovu laini, na unatupata zaidi sisi wanawake weusi. Akanieleza kwamba mwaka 2019 watafiti walikuta baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huu wana hitilafu kwenye jeni moja inaitwa PADI3, ambayo kazi yake inahusika na kuutengeneza unywele wenyewe, kwahiyo wengine tumezaliwa na mlango umeshafunguliwa nusu, misuko mizito na dawa za kulainisha nywele vinaweza kuongezea tu. Nikalia palepale kwenye kiti cha daktari. Miaka yote hiyo kila mtu alikua na hukumu yake, mara ulizidisha dawa ya kulainisha, mara hulali na skafu, mara unachana vibaya, mama mdogo ndo alimaliza kabisa akasema kuna mtu amechukua nywele zangu saluni akaenda nazo kwa mganga, sasa mtu mzima na akili zangu ananiambia jeni, nikaona kama nimefutiwa deni.

Matibabu yenyewe nayasema kwa kifupi. Ya utosini ni dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe na vidonge vya doksisaiklini kwa muda, lengo ni kuzuia pasitanuke zaidi, palipokwisha kuwa kovu nimeambiwa nisiweke matumaini makubwa. Ya mbele kuna matumaini kidogo maana nywele za kuvutwa ukiwahi kuacha kubana zinarudi, ukichelewa sana nazo ndo basi. Huko mbele napaka minoksidili, na kama na wewe umeandikiwa jua mambo haya: wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi kuliko kabla na watu wengi wanatupa chupa hapo, inabidi uipe miezi kama 4 mpaka 6 ndo uone kitu, ukiacha kupaka ulichopata kinaondoka, ukiwa na mimba au unanyonyesha usiguse mpaka daktari aseme, na ikichuruzikia usoni unaweza kuota vinyweleo shavuni. Na kama una paka ndani ya nyumba mweke mbali nayo, ni sumu kwao. Hiyo chupa ni maoni ya siku nyingine.

Sasa ninavaa hijabu, na hapo ndo watu wanapopiga hesabu vibaya. Ukimwambia mtu nywele zimeisha anakujibu si unajifunika wewe, shida iko wapi, bora wewe kuliko fulani anayetembea wazi. Jamani. Barabarani sijawahi kuwa na shida na kichwa changu. Shida inaanza nikiingia mahali ambapo kila mwanamke anavua. Singo ya binti wa jirani, mnaingia ndani wanaume wametolewa, muziki umewashwa, kila mtu anatupa ushungi na baibui kochini, nywele zimetengenezwa kwa ajili ya usiku huo tu, afu wewe umekaa pembeni na mtandio umeukaza mpaka kidevuni na joto la kufa mtu, na lazima atokee mmoja apige kelele, we vua bana tupo wanawake watupu! Au nyumbani, mwanangu aliuliza mbele ya wageni, mama mbona hapa hapana. Au chumbani, ambako sitaki kueleza sana, ila kulala na kitambaa pembeni ya mtu uliyemuoa, taa ikizimwa ndo unakilegeza, inachosha roho kuliko mnavyodhani. Hijabu inakusitiri na wasiokujua, wanaokujua ndo kazi.

Kwahiyo nikaanza kutafuta wigi. Suala la dini nilimuuliza ninayemwamini elimu yake, nikamueleza ni ugonjwa na naivaa mbele ya nani, akanijibu na jibu lake nakaa nalo, wewe muulize wa kwako tusije tukagombana hapa.

Duka la kwanza nililoingia, la chini barabarani, binti muuzaji alinitoa mtandio kwa mkono wake mwenyewe, sijamruhusu, akaangalia, akamwita mwenzake aliyekua upande wa pili wa duka, we fulani niletee ile ya lesi huyu dada ana kipara itamficha vizuri. Kwa sauti. Na wateja wamejaa na mlangoni kuna kijana anauza soksi. Nilitoka na sikurudi Kariakoo muda mrefu, nikawa naagiza mtandaoni vya boksi, na vyote vikawa vinanizunguka kichwani kama sufuria, mpaka mwanamke mmoja niliyemkuta kwenye foleni ya kliniki ya ngozi akaniambia kuna fundi ana chumba.

Hicho chumba ndo nilicholipia mimi, kusema kweli. Ni kona ya duka imezungushiwa pazia zito la rangi ya zambarau, ndani kuna stuli, kioo kwenye fremu yenye miguu na feni ndogo. Mama mwenyewe, mtu mzima wa kiasi chake, akafunga pazia, akanawa mikono, kabla sijavua akauliza, mwanangu kioo nikuachie au nikigeuze? Sijawahi kuulizwa hilo swali na mtu yeyote. Nikamwambia geuza. Akakigeuza kikaangalia ukuta, afu akasema vua ukiwa tayari mimi nipo natafuta futi, na kweli akainama kwenye droo akawa anatafuta futi ambayo ilikua imemning'inia shingoni.

Nikavua. Akanipapasa utosini kwa kidole taratibu kuzunguka pale panapong'aa, akauliza panawasha? Panawaka moto ukila pilipili au ukikaa juani? Kuna siku panatoa majimaji? Dawa gani unapaka na unapaka saa ngapi? Anaandika kwenye daftari la shule. Hakusema pole. Hakusema mungu wangu, hakuguna, hakunisimulia habari za dada yake aliyepona kwa vitunguu maji. Aliishika kichwa changu kama fundi viatu anavyoshika kiatu, anaangalia pa kushona, na sijui nielezeje, ila nilihisi mabega yanashuka. Ukitoa daktari alikua mtu wa kwanza kupagusa pale mchana kweupe.

Vipimo vilikua kuzunguka kichwa, kutoka paji la uso kupita utosini mpaka kisogoni, sikio kwa sikio kwa juu, kutoka panja hadi panja kwa nyuma. Kuzunguka nikatoka inchi 21 na nusu. Hapo ndo nikajua kwanini za boksi zilikua zinanikataa, nyingi zinatengenezwa kwa kichwa cha inchi 22 na nusu hivi, afu wenzetu chini yake wamesuka mistari inajaza, wewe huna cha kujazia, inaelea. Unakaza ile mipira ya nyuma mpaka kichwa kinauma na bado ukiinama inasogea. Na ile mipira na vichanuo vinakaa palepale mbele penye nywele chache zilizobaki, kwahiyo unaficha ugonjwa kwa kitu kinachoulisha ugonjwa. Yeye kaweka mkanda wa mahameli ndani, upana wa vidole viwili, ule manyoya yake yanashika ngozi bila kuvuta kitu. Nimeitikisa kichwa, nimecheza nayo, nimepanda nayo pantoni ya Kigamboni upepo wa jioni nimesimama pembeni kabisa na mtandio mwepesi tu juu yake, haikusogea.

Lesi ya mbele, kile kitambaa chembamba cha wavu kinachoshonewa nywele, alinikatalia. Niliitaka kwasababu ndo ninayoiona kila mahali, ile nywele inaonekana imeota kwenye paji, akasema lesi ya mbele ili ilale vizuri wengi wataishia kwenye gundi, na gundi kwenye ngozi inayoumwa ni kutafuta kubanduka na nywele chache za mwisho. Badala yake akaweka nywele za kushukia kwenye paji la uso kiasi, na pale juu kwenye mgawanyo akaweka kloja, yani kipande kidogo cha lesi, cha inchi 4 kwa 4 ili ukichanua uone kama ngozi. Kwa sisi tunaotawadha hilo la gundi ni kubwa zaidi, wigi ya gundi utaivuaje mara tano kwa siku upake maji kichwa? Hii unaivua kama kofia, unatawadha, unaswali na mtandio wako, unarudisha kama unataka.

Ubora wa nywele. Nilimuuliza hizi ni Brazilian au Vietnam maana ndo majina ya mjini, akacheka akasema hayo majina ni ya kwenye pakiti. Na ni kweli, nywele nyingi za biashara hii zinatoka India, nyingine ni zile mahujaji wa Kihindu wanazonyoa hekaluni kule Tirupati na zinauzwa kwa mnada, afu viwanda vikubwa viko China, mji wa Xuchang ndo kitovu chao. Brazil imetajwa tu kupendezesha. Akachomoa nywele mbili, moja ya kwangu niliyoichagua na moja ya wigi ya elfu arobaini na tano iliyokua imetundikwa, akawasha kibiriti juu ya kisahani. Ya kwangu ikaungua ikatoa harufu ya kucha na ikawa jivu ukiligusa linasagika, ile nyingine ikajikunja ikayeyuka ikawa kidonge kigumu cheusi. Muombe fundi wako afanye hivyo mbele yako, akinuna ondoka.

Kuhusu bei kuna wanaosema nimepigwa. Labda. Ila kumbukeni bajeti ya Juni 2019 Waziri wa Fedha Dk. Mpango alivyoleta ushuru wa wigi na nywele bandia, asilimia 25 kwa za kutoka nje na asilimia 10 kwa za hapa ndani, na ushuru huo haukuuliza nani anavaa kwa kitchen party na nani anavaa kwasababu utosi umekua kovu. Tulilipa wote. Bima yangu nayo inanilipia daktari na maabara, wigi hainunui.

Kofia ya pamba ya ndani ni nzuri ila Dar ni Dar. Januari hii na unyevu huu, nusu saa kwenye daladala ya Mbagala na mtandio juu, jasho linatiririka mpaka kwenye nyusi. Fundi alinipa kofia mbili za kubadilisha, mi nimenunua nyingine na nazifua kila siku, jasho likikaa pale utosini panaanza kuwasha upya. Nikifika kazini naingia chooni navua dakika kadhaa ngozi ipumue, afu narudisha. Atakayekwambia kuna wigi haina joto Dar es Salaam huyo anauza.

Sasa ya kumsema.

Moja, tarehe. Aliniahidi itakua tayari kabla ya harusi ya binamu yangu, nikalipa asilimia sitini mbele, harusi ikafika, wigi haijafika, meseji zinasomwa tiki za bluu hajibu. Nilienda harusini na kilemba. Kilipendeza nashukuru, watu wakadhani ni mtindo, ila moyoni nilikua nachemka, kwasababu mtu wa kawaida akicheleweshewa wigi atasuka, mimi nisuke nini? Alivyokuja kupokea simu akasema mzigo wa nywele ulikwama, na akapunguza elfu ishirini bila kuombwa, bei niliyoandika juu ni baada ya hiyo.

La pili, rangi ya ngozi kwenye kloja. Ilikuja nyeupe mno, ukigawanya unaona mstari wa mzungu katikati ya kichwa cha Mmakonde. Hili alilitengeneza hapohapo, akaagiza chai ya rangi kikombe kwa mama ntilie wa chini, akaichovya ile lesi kidogo kidogo, anatoa anakausha na feni analinganisha na ngozi ya nyuma ya sikio langu, anarudisha tena, mpaka ikalingana. Nilivutiwa kuangalia ila ningependa iwe imefanyika kabla, ngozi yangu aliiona siku ya kwanza.

Afu pazia. Linazuia macho, masikio haliyazuii. Nimekaa nasubiri nikasikia maongezi yote ya mteja aliyekua ndani, mpaka nikajua anatibiwa saratani Ocean Road na anaogopa mumewe. Kwa upande mmoja nilimpenda fundi zaidi, maana alimwambia yule mama usininunulie nywele za laki nne, wewe ukimaliza dawa zako nywele zitarudi, chukua ya bei ndogo na vilemba laini viwili, na ungekuja kabla hazijaanza kudondoka ningelinganisha na za kwako. Fundi mwingine angeuza. Ila jamani weka hata redio pale nje, siri za watu zile.

Na kubwa kuliko zote, msaidizi wake. Wakati nalipa kale kabinti kananiwekea kwenye mfuko chupa ya mafuta, elfu thelathini na tano, anasema yanaotesha hata palipokufa, wateja wote wanachukua. Chupa haina jina la mtengenezaji, haina orodha ya vilivyomo, haina nembo ya TBS, na vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019. Nikamuuliza ndani kuna nini akasema mitishamba. Mitishamba gani? Akasema ni siri ya bibi. Palipokwisha kuwa kovu hapana shina la kuotesha, mafuta yatang'arisha tu, na chupa isiyo na maandishi inaweza kuwa na kitu chochote, ikiwemo dawa kali ambayo unapaka kichwani kila siku bila kujua. Nikayatoa kwenye mfuko. Mama mwenyewe alikua ndani na mteja mwingine, sijui kama anajua kinachouzwa mezani kwake, na kama anajua basi imeniuma maana kule ndani ni mtu mwingine kabisa. Risiti ya EFD pia hakuna, unaandikiwa kwenye karatasi, sisemi zaidi.

Watu wataniuliza nimejisikiaje. Siku ya singo iliyofuata nilivua mtandio pamoja na wenzangu, hakuna aliyegeuka, mmoja tu akaniuliza umesuka wapi hizi, nikamwambia Kariakoo, nikaendelea kula biriani. Ndo hivyo, hakukua na machozi wala nini. Kilichonishangaza ni nyumbani. Nilidhani wigi nitaivaa sana chumbani na imekua kinyume chake, tangu siku ile ya kile chumba cha zambarau nikawa nakaa kichwa wazi jioni, kwanza kwa mwanangu, baadae kwa mume wangu. Yeye aliangalia, akauliza panauma? Nikasema siku nyingine. Akaomba nimuonyeshe dawa inapakwaje kwa nyuma ambako mimi sifikii vizuri, na sasa hivi ndo mpakaji, anaweka nyingi mno namgombeza. Sijui ningefika hapo kwa wigi peke yake. Kuna wanaume watasema maneno na kuna dada zangu hapa wameshaambiwa maneno, mimi siwezi kuwapangia mvue kwa nani.

Mwaka 2022 ile asubuhi baada ya Will Smith kumzaba kofi Chris Rock kwenye Oscar nilikua saluni, mtandio kichwani nikimsubiri rafiki yangu, saluni nzima inabishana, kofi lilikua halali au sio, angempeleka polisi au la. Hakuna hata mmoja aliyekiongelea kichwa cha Jada, mke wa Will, ambacho Rock alikitania jukwaani ndo kofi likatoka. Ile yake ni alopesia, ya aina ambayo kinga ya mwili inashambulia vishina vya nywele, si hii yangu, na alishaiongea hadharani miaka kabla ya kofi. Wasusi wanne mle ndani na mikono yao kwenye vichwa vya watu, na nikiangalia naona wateja wawili mbele pameshaanza kwisha, na mmoja ndo anakazwa rasta palepale. Ningekua na ujasiri ningesema. Siku hizi nasema.

Nani aende na nani asiende. Kama umejifungua karibuni na nywele zinatoka kwa mafungu kuanzia mwezi wa tatu hivi, tulia usitupe laki tatu, mara nyingi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka, tafuta kilemba. Kama ni mapunye au pana usaha, hospitali kwanza, na huyu fundi atakurudisha mwenyewe, nilimuona akimrudisha binti mmoja na hela yake mkononi. Kama hujui kinachokutoa nywele ni nini, muone daktari wa ngozi kabla ya fundi, mwambie akupime damu na wingi wa madini ya chuma na tezi pia, maana kuna wanaoficha kwa wigi kitu kinachotibika. Waliopo kaskazini, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha tangu 1992, msikae mnapakana vitunguu. Ila kama umeshaambiwa kama mimi kwamba hapa hapaoti tena, na umechoka kuzungukwa na wigi ya boksi, panda zile ngazi. Nenda asubuhi katikati ya wiki, lipa nusu tu mbele usikubali sitini, andikishaneni tarehe, na kama una shughuli mwambie ni wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mafuta ya mezani usichukue.

Kuifua ni maji ya baridi na shampuu laini, unaikamua kwa taulo bila kuisokota, unaitundika kivulini, pasi ya nywele moto mdogo. Ya kwangu bado haijaanza kunyonyoka wala kujisokota nyuma shingoni ambako ndo huwa zinaanzia. Mkanda wa mahameli upande wa kulia umeanza kulegea, nimemtumia picha, safari hii amejibu siku hiyohiyo, kasema niilete marekebisho ya kwanza ni bure. Nitaipeleka Jumanne.